Mwongozo Kamili wa Kurejea Kwenye Vyuma Baada ya Kuumia: Nguvu Zirudi, Mafuta Yapungue, Jeraha Lisirudi

Karibu wote wanaonijia na suali la namna ya kurejea kwenye vyuma baada ya kuumia wamekosea mahali pamoja. Mtu ameumia bega, goti au mgongo, amepumzika wiki kadhaa, maumivu yametulia, kisha amerudi ukumbini na kushika uzito uleule aliouacha. Siku ile hujisikia vizuri, pengine kuliko alivyotarajia. Siku ya pili au ya tatu kiungo huvimba, naye hurudi nyumbani akiamini kwamba mwili wake umekwisha.

Hamali mmoja wa bandarini Malindi, hapa Unguja, ambaye bega lake la kulia liliumia kwa kubeba magunia, alirudi kwenye benchi baada ya wiki saba na akasukuma kilo 60 mara nane bila shida yoyote. Asubuhi ya pili yake alishindwa kuvaa kanzu, kwa sababu mkono haukupanda juu ya kichwa. Uzito ule ulikuwa ndani ya uwezo wa misuli yake, lakini ulizidi uwezo wa kano, yaani zile kamba ngumu zinazoushika msuli kwenye mfupa.

Hapo ndipo kosa lilipo. Msuli uliowahi kuzoezwa hurudisha nguvu zake upesi, kwa sababu hupata damu nyingi na hubakisha sehemu ya yale uliyoyajenga zamani. Kano hupata damu kidogo na hujijenga taratibu, kwa miezi badala ya wiki. Kwa hiyo kuna kipindi ambacho msuli unaweza kuivuta kano kuliko kano inavyostahamili, na mtu aliye katika kipindi hicho hujiona mzima. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya jambo hilo moja: sehemu iliyoumia ndiyo inayopanga mwendo, na jawabu lake hulitoa asubuhi ya pili, si wakati wa mazoezi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Si lazima uwe na ukumbi. Wengi niliowaona wakirudi vizuri walifanya uani kwao kwa miezi miwili ya mwanzo, na wengine hawakuona haja ya kutoka hapo.

- Daftari na kalamu. Bila daftari usianze, kwa sababu kumbukumbu ya mtu mwenye hamu ya kurudi humpendelea siku zote.
- Futi ya fundi cherahani, ile ya kitambaa, kwa kupimia tumbo na mapaja.
- Mizani ya kupimia mwili, na kama huna, uwe na mahali pamoja utakapokwenda kujipima kila mara.
- Madumu mawili ya lita 5 yenye mkono mzuri wa kushikia. Lita moja ya maji ni kilo moja, na kikombe cha robo lita ni robo kilo. Hakuna dambeli rahisi inayokuwezesha kuongeza uzito kidogo kidogo namna hiyo.
- Mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa, kwa mazoezi ya kuvuta.
- Kiti imara kisicho na magurudumu, mkeka na ukuta.

Ikiwa unatumia vyuma vya kujitengenezea vya makopo ya rangi yaliyojazwa zege, vipime kwanza kwa mizani ya kuning'inia ya muuza samaki. Kopo la lita 4 huwa na kilo 8 hadi 10, kutegemea mchanganyiko, na ni nadra kuona makopo mawili yakalingana. Mtu asiyeumia haathiriki sana na tofauti ya kilo moja baina ya mkono na mkono, ila bega lililotoka kuumia huathirika.

Dalili zinazokutaka uende hospitali kwanza

Usianze hatua yoyote, na umuone daktari mapema, ikiwa kiungo hakiwezi kubeba uzito wako hata kidogo, ikiwa kimebadilika umbo, ikiwa una homa pamoja na uvimbe wa moto, au ikiwa maumivu hukuamsha usiku hata umelala vipi. Mwenye kuumwa mgongo anayepata ganzi sehemu za siri au za makalio, anayeshindwa kuzuia au kutoa mkojo au choo, au ambaye mguu unazidi kukosa nguvu, aende hospitali siku hiyohiyo.

Shavu la mguu likivimba upande mmoja, likawa moto na lenye maumivu baada ya kufungwa plasta au kulala kwa muda mrefu, lisikandwe hata kidogo, kwa sababu huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na bonge hilo likisafiri hadi mapafuni huua. Ukihisi pumzi kukata au kifua kuuma pamoja na dalili hiyo, ni dharura.

Nawaheshimu wakandaji wetu, na nimeona mikono yao ikimpa mtu nafuu ya misuli iliyokaza kwa miezi. Hata hivyo, jeraha bichi lililovimba, au mfupa ambao haujapigwa picha ya eksirei, si kazi ya kukanda. Mfupa uliopasuka ukikandwa huweza kuhama mahali pake, na hapo jambo la wiki kadhaa huwa la miezi.

Hatua ya 1: Lijue jeraha lako kwa jina

"Niliumia goti" hakutoshi kupangia mazoezi. Mwendee daktari au mtaalamu wa fiziotherapia, iwe Mnazi Mmoja kwa walioko Unguja, Abdulla Mzee kule Mkoani kwa walioko Pemba, au hospitali iliyo karibu nawe, na umuulize masuali manne: ni kitu gani kilichoumia, yaani mfupa, kano, msuli au gegedu (kile kitu laini lakini imara kinachofunika ncha za mifupa kiungoni), kimepona kiasi gani, harakati gani nimekatazwa na mpaka lini, na je, naruhusiwa sasa kukitia uzito? Andika majawabu ukiwa hapohapo.

Sababu ni kwamba kila kitu kina muda wake. Mfupa aghalabu huhitaji kati ya wiki 6 na 12 kuunga. Kano iliyokatika na kushonwa huhitaji miezi mingi, na mtu aliyefanyiwa upasuaji wa kuunga kano za ndani ya goti, zile zinazoshika mfupa kwa mfupa, hushauriwa asirudi kwenye michezo ya kukata kona kabla ya miezi 9. Anayefuata muda wa rafiki yake aliyeumia kitu kingine anajidhulumu.

Umefaulu hatua hii pale daftari lako linapokuwa na jina la jeraha, idhini ya kuanza, na orodha ya yaliyokatazwa.

Hatua ya 2: Chukua vipimo vya mwanzo

Jipime uzito asubuhi tatu mfululizo, baada ya kwenda msalani na kabla ya kula, kisha chukua wastani. Kipimo cha siku moja hudanganya, kwani chumvi ya chakula cha usiku peke yake huweza kuongeza kilo nzima ya maji.

Pima mzunguko wa tumbo usawa wa kitovu ukiwa umepumua kwa kawaida, bila kulivuta ndani. Kisha, ikiwa jeraha ni la mguu, weka alama sentimita 15 juu ya pia ya goti katika kila mguu na pima paja hapo. Paja la mguu ulioumia karibu kila mara huwa jembamba zaidi, na tofauti hiyo ndiyo utakayoipunguza. Kwa bega, simama mgongo ukutani, inua kila mkono mbele mpaka juu, na andika umefika wapi.

Vipimo hivi virudiwe kila baada ya wiki mbili. Usipime kila siku, maana mabadiliko ya mwili ni ya taratibu na utavunjika moyo bila sababu. Piga pia picha ya mbele na ya ubavuni mahali pamoja, mwanga uleule, uiweke kwa ajili yako mwenyewe.

Hatua ya 3: Jifunze kipimo cha asubuhi

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, nami naomba usiiruke.

Wakati wa mazoezi, yape maumivu namba kutoka 0 hadi 10. Sufuri ni kutokuwepo maumivu, na kumi ni maumivu makali kupita yote unayoweza kuyafikiria. Mpaka 3 endelea. Ikifika 4 au 5, punguza uzito au fupisha harakati. Ikizidi hapo, acha zoezi hilo kwa siku hiyo. Maumivu kidogo hayana maana kwamba unavunja kitu, na anayesubiri sufuri kamili ndipo aanze huweza kusubiri mwaka huku misuli ikizidi kuyeyuka.

Namba ya wakati wa mazoezi, hata hivyo, ni nusu tu ya habari. Mwili ukiwa umepata moto huficha mengi, ndiyo maana yule hamali alisukuma kilo 60 bila malalamiko. Nusu ya pili huja siku inayofuata, na wengi wetu tayari tuna wakati maalumu wa kuisoma: sala ya alfajiri.

Sitaki nieleweke kwamba sala ni zoezi. Mtu huswali kwa ajili ya Mola wake. Ninalosema ni kwamba ukishatoa salamu, unaweza kukumbuka kiungo chako kilikuwaje. Rukuu hukueleza habari za mgongo na nyuma ya mapaja. Sijda hueleza habari za vifundo vya mikono na mabega, wakati wa kushuka na wakati wa kuinuka. Kikao cha tahiyatu hueleza habari za magoti na vifundo vya miguu kuliko kipimo chochote ninachokijua, kwa sababu goti hukunjwa mpaka mwisho wake. Harakati ni zilezile kila siku, saa ileile, mwili ukiwa haujapata moto. Aliyepewa ruhusa ya kuswali ameketi kwa sababu ya ugonjwa aendelee na ruhusa yake, wala asijilazimishe kupiga magoti kwa ajili ya kujipima. Naye asiyeswali afanye harakati hizo tatu juu ya mkeka kila asubuhi.

Andika namba moja tu. Ukurasa wa daftari la hamali wetu, alipoanza upya, ulisomeka hivi: "Jumamosi, kusukuma ukuta 12 mara 2, bega 2. Jumapili alfajiri, sijda 1." Mstari kama huo unatosha.

Kanuni ni hii: ikiwa namba ya alfajiri imerudi pale ilipokuwa kabla ya mazoezi, dozi ilikuwa sawa. Ikiwa imepanda, au kiungo kimevimba au kukaza kwa zaidi ya nusu saa baada ya kuamka, dozi ilizidi, hata kama jana ulijisikia simba.

Onyo la dawa: usimeze diklofenaki au dawa nyingine ya maumivu ili upate kufanya mazoezi. Dawa hiyo hunyamazisha jawabu unalolitafuta. Ikitumiwa mara kwa mara huku mwili umepungukiwa maji, kama inavyotokea wakati wa joto la kaskazi au wakati wa kufunga, huweza kuudhuru tumbo na figo.

Hatua ya 4: Wiki mbili za kusukuma bila kusogea

Kano iliyokaa bila kazi huanza vizuri kwa mzigo uliotulia, ambapo msuli unakaza lakini kiungo hakisogei. Mzigo wa namna hii huupa mwili ishara ya kujenga bila msuguano mwingi, na kwa watu wengi hupunguza maumivu.

Kwa goti: egemea ukuta kana kwamba umekaa kitini, lakini usishuke sana mwanzoni, kaa sekunde 30, pumzika dakika moja, rudia mara 5. Kwa bega: simama karibu na ukuta, kunja kiwiko, sukuma ukuta kwa ngumi kwenda mbele, kisha kwa nje, sekunde 30 kila upande, kwa nusu ya nguvu zako. Kwa mgongo: lala chali, kunja magoti, inua makalio mpaka mwili unyooke kutoka magotini hadi mabegani, kaa sekunde 20, rudia mara 5.

Fanya kila baada ya siku moja. Katika siku hizohizo, uzoeze kwa nguvu upande usioumia. Mkono au mguu usioumia unapozoezwa, mishipa ya fahamu hunufaisha na upande wa pili kwa kiasi, na hivyo ulioumia hupoteza nguvu kidogo zaidi kuliko ungeachwa vivi hivi. Watu wengi huacha mwili mzima kwa sababu ya kifundo kimoja, na hapo ndipo tumbo linapoota.

Umefaulu pale unapofika sekunde 45 mara 5, maumivu yasizidi 2, na alfajiri tatu mfululizo zikawa tulivu. Kama wiki mbili hazikutosha, ongeza ya tatu.

Hatua ya 5: Mazoezi matano, siku tatu kwa wiki

Chagua siku ambazo hazifuatani, kwa mfano Jumamosi, Jumatatu na Jumatano. Wakati mzuri kwetu ni baada ya alfajiri kabla jua halijapanda, au baada ya alasiri upepo unapoanza. Anza kwa dakika 10 za kutembea haraka na kuzungusha viungo.

Kukaa na kuinuka kitini. Shuka kwa kuhesabu mpaka tatu, gusa kiti bila kujibwaga, inuka. Ikiwa ni rahisi, shikilia dumu kifuani. Goti lielekee upande uleule wa vidole vya mguu.

Kuinama kwa nyonga. Ni umbo la rukuu iliyonyooka: makalio yanakwenda nyuma, mgongo bapa, madumu yanateremka yakigusa mapaja mpaka magotini. Ukihisi kazi nyuma ya mapaja, umepatia. Ukiihisi kiunoni tu, umeupinda mgongo.

Kusukuma. Anza na ukuta, kisha meza, kisha kigoda, kisha sakafuni, na benchi la vyuma mwisho kabisa. Viwiko visifunguke kama mabawa. Viweke karibu na mbavu.

Kuvuta. Funga mpira kwenye nguzo na uvute kuelekea tumboni, mabega yakirudi nyuma, kama mvuvi anayevuta kamba ya nanga. Kwa mwenye bega bovu, fanya seti moja (yaani fungu moja la marudio kabla ya kupumzika) zaidi ya kuvuta kuliko za kusukuma, kwa sababu aghalabu mabega ya wanyanyuaji huumia kwa kusukuma kingi na kuvuta kidogo.

Kubeba na kutembea. Dumu kila mkono, hatua 40, kifua wazi. Zoezi hili huonekana dogo, lakini huimarisha mgongo, mabega na mikono kwa pamoja.

Seti 2 za mara 12 hadi 15 zinatosha kwa wiki mbili za kwanza, kisha seti 3. Uzito wa kuanzia ni ule ambao ukimaliza mara 12 unaona wazi kwamba ungeweza nyingine tano. Kwa anayetumia vyuma vya ukumbini, hiyo mara nyingi ni chini ya nusu ya uzito wake wa zamani, na katika kiungo kilichoumia hushuka zaidi. Najua inavyouma kushika chuma kidogo mbele ya watu waliokujua ukiwa na nguvu. Wakati huu hata hivyo unaizoeza kano, na kano hujengwa kwa mzigo wa polepole unaorudiwa.

Maji ndani ya dumu lisilojaa hucheza, na hilo humsumbua mwenye bega. Kwa mikono tumia mchanga mkavu, upime kwenye mizani, na madumu ya maji yabakie kwa miguu na kubeba.

Hatua ya 6: Kuongeza kwa kanuni ya alfajiri mbili

Ongeza marudio kwanza, uzito baadaye. Ukifika mara 15 katika seti zote, katika siku mbili za mazoezi, na alfajiri zake mbili zikawa tulivu, ongeza uzito usiozidi sehemu moja ya kumi, kisha rudi kwenye mara 10 au 12 na upande tena. Mwenye dumu la kilo 3 ataongeza kikombe kimoja cha robo kilo. Mwenye chuma cha kilo 30 ataongeza kilo 2 au 2 na nusu.

Usiongeze vitu viwili kwa pamoja. Ukiongeza uzito, usiongeze seti wala siku katika wiki hiyo, kwani maumivu yakija hutajua yametoka wapi.

Kila wiki ya nne punguza seti kwa theluthi, hata kama unajisikia vizuri. Wiki hiyo ndiyo kano inapopata nafasi ya kuyafikia mafanikio ya msuli.

Umefaulu ikiwa kwa wiki sita umekwenda mbele katika mazoezi matatu kati ya matano, na paja au mkono ulioumia umeanza kuukaribia mwenzake kwa kipimo cha futi.

Hatua ya 7: Sahani, na hapa nitakaa kidogo

Kosa la pili la wanaorejea ni kujinyima. Tumbo limeongezeka wakati wa mapumziko, basi mtu anaacha chakula cha mchana, anakunywa chai tupu, na anashangaa jeraha halifungi. Mwili unaounga mfupa au kano unahitaji nguvu na protini zaidi ya kawaida. Ukiunyima, hula misuli yake wenyewe, na mizani ikishuka hapo imepunguza kile unachokitaka.

Kwa hiyo, katika wiki sita za mwanzo baada ya upasuaji au kuvunjika, usipunguze chakula kwa kusudi. Kula ushibe na uipe protini haki yake. Baada ya hapo, lenga kupungua kusizidi nusu ya asilimia moja ya uzito wako kwa wiki. Kwa mtu wa kilo 80 ni gramu 400. Ikishuka haraka zaidi, ongeza chakula.

Protini: kipimo kizuri kwa anayezoea vyuma ni takriban gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtu wa kilo 75 anahitaji gramu 120. Visiwani kwetu hilo halihitaji unga wa kopo. Asubuhi mayai matatu na kikombe cha maziwa hutoa gramu 26. Mchana kipande cha jodari cha gramu 150 kilichopikwa, pamoja na kikombe cha kunde au mbaazi, hutoa zaidi ya 50. Jioni vikombe viwili vya mtindi hutoa 16. Usiku pweza wa gramu 100 aliyechemshwa hutoa karibu 30. Hesabu imetimia, na hujagusa nyama. Kwa mwenye mfuko mwepesi, mayai, dagaa wakavu, choroko na maharage huifanya kazi hiyohiyo kwa bei nafuu. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini bila ya kumuuliza daktari wake.

Kupunguza mafuta ya mwili: usiukimbie wali. Tazama kwanza vinavyoingia bila kuonekana. Vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kimoja na vijiko vitatu vya sukari, ni takriban kalori 190. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia ni kalori 120, na mapishi mengi humiminwa bila ya kupimwa. Kikombe cha tui zito kina zaidi ya kalori 400. Ukipunguza sukari ya chai kwa nusu, ukapima mafuta kwa kijiko badala ya kumimina kutoka chupani, na ukapika samaki wa kupaka kwa tui jepesi, mara nyingi umepata upungufu wa kalori 300 bila ya njaa. Mandazi na kachori viwe vya siku maalumu, visiwe vya kila asubuhi.

Tembea dakika 30 katika siku zisizo za vyuma. Ukitembea ufukweni, ngoja maji yapwe na upite kwenye mchanga mgumu uliolowa, kwa sababu mchanga laini hukitesa kifundo kilichotoka kuumia. Ufukwe huwa na mteremko, basi rudi kwa njia uliyoendea ili miguu yote miwili ipokezane upande wa chini.

Lala angalau saa saba. Kriatini, ule unga wa wanyanyua vyuma, gramu 3 hadi 5 kwa siku, husaidia nguvu kidogo na si lazima. Sindano na vidonge vya kukuza misuli vinavyopitishwa mkono kwa mkono visikaribie mwili wako: hukuza msuli upesi huku kano ikibaki nyuma, na hilo ndilo jambo lilelile tunalolikimbia hapa, mbali na madhara ya moyo na ini.

Katika mwezi wa Ramadhani

Usianze hatua mpya ndani ya mwezi huo. Baki kwenye uzito uliokwisha uzoea, punguza seti kwa theluthi, na fanya baada ya tarawehe ukiwa umeshakunywa maji. Wako wanaofanya saa moja kabla ya futari; kwa mtu asiye na jeraha inafaa, kwa mwenye jeraha siipendi, kwa sababu uchovu na kiu huharibu umbo la zoezi. Gawa protini baina ya futari, chakula cha usiku na daku. Daku ya chai na boflo peke yake itakuangusha. Ongeza mayai au mtindi.

Hatua ya 8: Maumivu yakirudi

Yatarudi angalau mara moja, kwa karibu kila mtu, na kurudi kwake si kushindwa. Pumzika siku mbili huku ukikisogeza kiungo taratibu, kisha rudi kwenye kusukuma bila kusogea kwa siku tatu au nne. Baada ya hapo anza tena mazoezi kwa theluthi mbili ya uzito wa mwisho ulioandika, na ufuate kanuni ya alfajiri mbili kama kawaida. Wengi hurejea walipokuwa ndani ya wiki mbili.

Fungua daftari na utafute kilichotangulia. Mara nyingi utakuta uliongeza vitu viwili kwa pamoja, ulilala kidogo, au ulifanya kazi nzito nje ya mazoezi, kama kuchuma karafuu siku nzima au kubeba magunia, na hukuihesabu. Kazi ya mikono ni mazoezi; siku uliyoifanya, punguza vyuma.

Maumivu yasiposhuka kwa siku 10 kwa utaratibu huu, rudi kwa mtaalamu.

Hatua ya 9: Kuurudia uzito wa zamani

Usiugombee kabla ya kutimia mambo matatu: kiungo kilichoumia kinafika mwisho wa harakati kama mwenzake, upande ulioumia unafanya angalau marudio 9 pale ambapo upande mzima unafanya 10 kwa uzito uleule, na alfajiri zako zimekuwa kwenye 0 au 1 kwa wiki nne. Kwa majeraha mepesi hiyo ni miezi mitatu. Kwa upasuaji ni mwaka au karibu yake.

Yakitimia, panda kwa ngazi: asilimia 70 ya uzito wa zamani kwa wiki mbili, 80 kwa wiki mbili, 90 kwa wiki tatu, kila seti ukiacha marudio mawili ambayo ungeweza kuyafanya. Siku ya kujaribu uzito kamili, fanya mara tatu tu, na mtu awepo wa kukushikia chuma. Kisha usifanye lolote zito mpaka upite alfajiri mbili.

Hamali wetu alifika kilo 60 katika wiki ya 21, mara tatu, Jumatatu jioni. Daftari lake siku iliyofuata limeandikwa: "Jumanne alfajiri, sijda 0. Kanzu nimevaa kwa mkono wa kulia."